Numero Saba Haitoki

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla hata ya chai, Mama Pétronille alisimama mlangoni mwa nyumba ya mawe pale Kashebere, akafungua daftari lake, akaanza kuita majina. Ndani hamkuwa na mwanafunzi hata mmoja. Mlikuwa na meza tatu, rafu mbili na vitu kumi na tisa. Au tuseme, vilitakiwa kuwa kumi na tisa.

"Numero moja, wavu ya kuwindia."

Kimya. Wavu ulikuwa msituni tangu Jumatatu, Christian na wawindaji wenzake wameuchukua.

"Numero mbili, kengele ya mbwa."

Kengele ilikuwa shingoni mwa mbwa, huko huko msituni.

"Numero tatu, mutumbwi ya kasiksi."

Huo ulikuwa kwenye harusi ya watu, vijana wanakamua ndizi ndani yake, na kikaratasi alichokibandika kwa gundi bila shaka kimeshalowa hiyo kasiksi, pombe ya ndizi. Mama Pétronille aliandika "hayupo" mara tatu, kwa kalamu nyekundu, kama alivyowaandika watoto watoro kwa miaka thelathini na moja. Akafunga daftari kwa kishindo. Hivi kuna makumbusho gani duniani ambayo vitu vyake havishindi nyumbani?

Huyu mama hakuzaliwa Kashebere. Kwao ni upande wa Masisi, kwenye vilima vya juu ya Mweso, katika familia ya maharage na viazi. Aliolewa na mwalimu mwenzake, akashuka naye hadi huku Walikale, akamzika huku, akabaki. Watu walimwita Mama Mwalimu kwa heshima zote, na alipogeuza mgongo wakamwita "yule wa Masisi", hata baada ya kuwafundisha kusoma wao na watoto wao. Jambo hilo lilimkera, ingawa hakulisema.

Wazo la makumbusho alilipata mwaka wake wa mwisho kazini. Walimu waliitwa kikao Sake, na siku ya pili wakatembezwa ufukoni mwa ziwa kutazama mambo ya kale. Walioneshwa gati kuukuu la mawe ambapo boti zilikuwa zikishusha mizigo, kanisa la matofali lenye mwaka umechongwa juu ya mlango, na mwishoni nyumba ya chumba kimoja iliyokuwa na kasia, nyavu za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, taa ya mafuta na mizani ya kahawa. Kila kitu kilikuwa na mahali pake na kikaratasi chake. Aliponyoosha mkono kwenye taa, mlinzi akasema, "Usiguse, Mama." Wenzake walinuna. Yeye alifurahi mno. Kwa miaka yote hiyo alitamani kuwaambia watu maneno hayo hayo na hakuwa amepata mahali pa kuyasemea.

Kisha akauliza, "Na sisi wa huko juu? Vitu vyetu viko wapi?"

Mlinzi akacheka kidogo. "Huko juu kuko nini, Mama? Si kuko barabara mubaya tu?"

Akampa karatasi yenye ramani. Ziwa lilikuwa limejaa nukta, na kila nukta ilikuwa mahali pa kutembelea. Pale Sake, barabara ilipoanza kupanda, nukta ziliisha na kuwekwa mshale. Juu ya mshale waliandika: Masisi, Walikale. Mshale! Vilima vyote vile, msitu wote ule, na watu wote waliozaliwa na kuzikwa humo walikuwa wamegeuzwa mshale. Mama Pétronille aliikunja karatasi hiyo na kuitia ndani ya Biblia yake, na hasira aliyopanda nayo kutoka Sake haikumtoka tena.

Alipostaafu aliomba apewe nyumba ya mawe. Ilijengwa na wazungu wa barabara zamani za ukoloni, na mawe yake yalibebwa mgongoni na babu za watu wa hapa hapa, ambao hakuna aliyewauliza kama wanapenda. Ukutani, chini ya dirisha, mmoja wao alichora alama ya mkono wake kwa ncha ya chuma. Nyumba yenyewe, kwa hiyo, ilikuwa jambo la kutazama. Ilikuwa mali ya groupement, utawala wa vijiji vya hapa, imekaa tupu inafuga popo. Walimpa, akafukuza popo, akapaka chokaa.

Mtu wa kwanza kumletea kitu alikuwa Papa Isidore, mwindaji wa zamani aliyekuwa na miguu myembamba na sauti nene, mkristo wa kila Jumapili na mtu wa mila siku nyingine zote. Alileta ngoma ya baba yake. Haikuwa ngoma ya ngozi. Ilikuwa gogo lililotobolewa tumbo, juu lina ufa mrefu wenye midomo miwili. Ukigonga mdomo mmoja inatoka sauti ya kiume, ukigonga wa pili ya kike, na kwa sauti hizo mbili ngoma inataja watu. Katika ukoo wa Isidore, kila mtu mzima alikuwa na jina lake la ngoma. Mtu akifa, ngoma ilimwita kwa jina hilo tangu asubuhi, ili ndugu wa ng'ambo ya mto, kule ambako simu hazipati mtandao hadi leo, wasikie na kuondoka mapema. Na marehemu naye, walisema, asikie kwamba ameitwa na kwao.

"Mama Mwalimu," alisema Isidore akiitua ngoma mezani, "sikupatii. Nakuwekea. Kwangu nyumba inavuja."

"Ni sawa, Papa. Aksanti."

Akahesabu mahali pake mezani, akachukua kalamu akaandika: Namba 7. Zawadi ya Papa Isidore. Mzee hakujua kusoma. Aliitazama karatasi, akasema mwandiko ni mzuri, akaenda zake.

Kabla ya kuondoka, lakini, alifanya jambo moja. Alivuta kijiti kutoka kiunoni, akagonga ngoma mara tisa, akacheka. "Hiyo njo weye," alisema. "Jina yako ya ngoma. 'Mwanamuke mwenye kuhesabu mpaka majani ya miti.' Nitafundisha binti yangu Falone, ili siku yako ikifika, usiende bila kuitwa." Mama Pétronille alicheka pia, akamfukuza kwa mkono, na alipobaki peke yake alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kijiji kile kumpa kitu ambacho hakikuwa heshima tu.

Wengine walifuata nyuma ya Isidore na vitu vyao, na kila mmoja alisema neno lile lile: nakuwekea. Na kila mmoja aliandikiwa "zawadi". Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kama mtaniuliza mimi. Yeye alidhani amepewa makumbusho. Wao walidhani wamepata rafu kavu yenye mtu mwaminifu wa kuilinda. Kwa hiyo mwenye wavu alipotaka kuwinda alikuja kuchukua wavu wake, na mwenye mtumbwi alipokuwa na harusi alikuja kuchukua mtumbwi, na ngoma ilitoka kila msiba. Walirudisha, sitawasingizia. Walirudisha vikiwa na matope, damu, majivu na mabaki ya ndizi, wakaulizia kikaratasi kipya.

"Hiki ni kitu cha historia!" aliwakemea.

"Njo maana tunakitumia vizuri," alijibu Christian.

Ungefanya nini na mtu kama huyo?

Basi Jean-Luc, katibu wa groupement, akaanza kuizungukia nyumba. Jean-Luc alikuwa kijana wa suruali zilizopigwa pasi, aliyewahi kukaa dawati la mbele katika darasa la Mama Pétronille, na sasa alikuwa na mapipa ya mafuta ya mawese ya groupement yasiyokuwa na pa kulala.

"Mama Mwalimu, wazee banasema nyumba iko bure," alisema siku moja, akitazama rafu tupu. "Banataka kuifanya depo."

"Bure? Na hii ni nini?"

"Ni meza, Mama."

Jean-Luc alimpa masharti kwa upole wote. Kule Goma kulikuwa na ofisi iliyokuwa ikipanga upya orodha ya mahali pa kutembelea, kutoka ufukoni mwa ziwa hadi msituni. Kama Kashebere ingeingia kwenye orodha kabla ya kiangazi kuisha, nyumba ingebaki makumbusho, na kibao kingewekwa barabarani. Isipoingia, mapipa yangeingia. Mama Pétronille aliandika barua nne. Ya nne ikajibiwa.

Aliyetumwa kutazama aliitwa Chantal, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye koti la mvua na kizibao cha mifuko mingi. Alikuja kwa pikipiki siku mbili njiani, akafika amepakwa tope hadi nyusi, akakaribishwa ndani, akakuta kati ya vitu kumi na tisa viko vinane. Mama Pétronille alikuwa amemwaga jasho tangu alfajiri akikimbia nyumba hadi nyumba. Wavu ulikuwa msituni. Kiti cha chifu wa zamani kilikuwa kanisani kwa sababu askofu alikuwa anakuja. Pasi ya makaa ilikuwa kwa Jean-Luc mwenyewe, inanyoosha suruali!

"Mama," alisema Chantal, akifuta miwani, "nimependa nyumba. Na ule mukono ukutani, nimeupenda sana. Lakini musée bila vitu si musée. Siwezi kuandika vitu ambavyo sikuviona. Nitarudi. Kila kitu kiwe na numero, na kisitoke."

"Hakitatoka," alisema Mama Pétronille.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa matangazo akawaambia watu wote kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kitu kitakachovuka kizingiti cha nyumba ya mawe. Watu wakacheka. Alinunua kufuli. Watu wakaendelea kucheka, ila wakarudisha vitu, kimoja kimoja, kwa kumstahi. Juma la kwanza Christian alikuja kutaka wavu, akaambiwa hapana, akaondoka akitikisa kichwa. Papa Isidore alikuja mara moja, akiwa amejifunga blanketi kwa sababu ya kifua, akaitazama kufuli kwa muda mrefu.

"Na ngoma?" aliuliza.

"Ni mpaka tu orodha ipite, Papa. Kiangazi kikiisha nitafungua."

"Aya," alisema Isidore. "Nitajaribu kungoja."

Hakungoja. Jumanne jioni Mama Pétronille alipata ujumbe wa Chantal kwenye simu: kesho saa tano tuko kwako. Alifagia, akafuta vumbi, akapanga vitu vyote kumi na tisa na kuviandikia vikaratasi vipya. Jumatano saa moja na nusu alikuwa mlangoni na daftari lake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii kila alichokiita kilikuwepo. Alikuwa amefika namba saba aliposikia mtu nyuma yake. Alikuwa Falone, binti wa Isidore, miguu mitupu, kitambaa cha msiba kimefungwa kiunoni.

"Mama Mwalimu, Papa ametutoka. Saa kumi na moja ya asubuhi."

Mama Pétronille alimkumbatia. Alilia kweli, alimpenda mzee yule. Walisimama hivyo kwa muda, kisha Falone akajifuta uso kwa kiganja.

"Nimekuya kukamata ngoma. Tunazika leo saa nane, na ba tantine, dada zake Papa, wako ngambo ya mto. Wakisikia sasa, watafika."

Hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba alimkabidhi ngoma. Hakumkabidhi. Aliitazama saa, akaitazama ngoma ikiwa mahali pake, safi, na kikaratasi chake kimenyooka. Akaona akilini mapipa ya mawese yamepangwa mbele ya alama ya ule mkono. Akaona mshale.

"Falone, mwanangu," alisema, "wageni wanafika saa tano. Saa sita hivi watakuwa wamemaliza. Saa sita nitaileta mimi mwenyewe, juu ya kichwa changu."

"Saa sita, ba tantine hawatafika tena."

"Ni masaa machache tu. Papa yako angeelewa. Njo yeye alinisaidia kuanza."

"Ni ngoma yake, Mama."

"Najua. Lakini leo, numero saba haitoki."

Ilimtoka hivyo, kwa sauti ya darasani, na akatamani kuirudisha papo hapo. Falone hakubishana. Alisema, "Aya, Mama Mwalimu," kama alivyosema alipokuwa mtoto wa darasa la tatu akinyimwa ruhusa ya kutoka, akageuka, akapanda kilima.

Saa tatu jerikeni ikaanza kulia kule juu. Walikuwa wamechukua dumu la njano, wakaligeuza, wanaligonga kwa mti. Jerikeni ina sauti moja tu. Haiwezi kumtaja mtu. Inaweza kusema kuna msiba, lakini msiba wa nani, na aondoke nani kuja, haiwezi. Mama Pétronille alikaa kwenye kiti mlangoni, mikono magotini, akaisikiliza. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita, na alijiambia atanyanyuka sasa hivi, labda pikipiki iko kwenye kona. Saa nane simu ikalia, Chantal. Daraja la miti limeingia mtoni, Mama, tumegeuza, tutakuja mwezi kesho, utusamehe.

Alitupa simu juu ya meza. Aliipita kufuli ambayo hata hakuwa ameifunga, akaiinua ngoma, mwanamke wa miaka sitini na tatu, akajitwisha, akapanda kilima akiteleza na kusimama, akijitukana kwa Kihunde cha kwao na kwa Kifaransa. Alifika watu wakinawa mikono. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Upande wa ndugu wa ng'ambo ya mto hapakuwa na mtu.

Aliitua ngoma chini mbele ya Falone.

Falone hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoumiza. Alipiga magoti, akakifuta kikaratasi tope kwa kidole, akakisoma polepole, kama alivyofundishwa na mama huyo huyo.

"'Zawadi ya Papa Isidore,'" alisoma. "Uirudishe tu, Mama Mwalimu. Iko na numero."

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuchukua kitu. Hawakumsusia, walimsalimia, walimletea mihogo, walimwomba awaandikie barua. Ila wavu haukutakiwa tena. Alimfuata Christian mwenyewe hadi kwake, akamwambia auchukue, msimu ni mzuri, na Christian akamjibu kwa adabu, "Hapana, Mama, tutajisaidia." Harusi mbili zilipita na mtumbwi haukutoka. Kufuli aliitupa chooni. Mlango aliuacha wazi mchana kutwa. Kila asubuhi aliita majina na kila asubuhi vyote kumi na tisa vilikuwepo, vikavu, safi, kama watoto walioogopeshwa.

Chantal alifika mwezi uliofuata, akazunguka meza zote tatu, uso umemfunguka. Aliandika, akapiga picha, akahesabu, akasema hata ufukoni mwa ziwa hajaona chumba kilichopangwa vizuri hivi. Orodha imepita. Kibao kitaletwa. Jean-Luc, aliyesimama mlangoni, alipiga makofi, kisha akaenda kutafutia mapipa yake mahali pengine.

"Kitu kimoja tu, Mama," alisema Chantal akiwa mbele ya namba saba. "Utupigie kidogo, nirekodi kwa telefone. Watu wa Goma watapenda."

Mama Pétronille alikishika kijiti kilicholazwa kando ya ngoma. Majina ya ngoma aliyoyajua yalikuwa mawili tu, la Isidore na lake mwenyewe. Alikirudisha kijiti mezani.

"Hii haichezewi," alisema. "Inaita mutu akifa."

"Na mara ya mwisho iliita nani?"

Mama Pétronille alikinyoosha kikaratasi cha namba saba kwa kidole.

"Ilipaswa kumuita mwenyewe. Nilikatala."

Chantal hakuelewa, au alielewa na akaona haya. Aliinama juu ya fomu yake, akatafuta mstari unaofaa, akaandika maneno machache, kisha akaigeuza karatasi ili Mama Pétronille asaini. Kwenye mstari wa namba saba, kwa mwandiko wa kuviringa, paliandikwa: Ngoma ya mti. Haitumiki tena.

Mama Pétronille alivaa miwani. Aliusoma mstari huo neno kwa neno, mara mbili, akiutafutia kosa, kalamu nyekundu mkononi. Haukuwa na kosa. Akasaini.